Waliosoma kwa Masikio

Katika Kiswahili kitenzi kimoja, kusoma, hubeba mizigo miwili: kupitisha macho juu ya maandishi na kuipata maana yake, na kuhudhuria shule mpaka darasa fulani. Ndiyo maana mtu aliyehitimu darasa la saba husemwa kwamba amemaliza kusoma, kana kwamba maandishi yenyewe yamekwisha duniani, na aliyetoka shuleni kabla ya wakati huambiwa ameacha kusoma, ingawa jioni hiyohiyo huenda ameketi barazani na gazeti mkononi. Mazoea haya ya lugha hayana ubaya wowote, ila yanaficha jambo moja ambalo wazazi na walimu wangependa kulijua, nalo ni hili: mapenzi ya kusoma, yaani hamu ya kufungua maandishi bila kutumwa na mtu wala kuogopa mtihani, huanzia wapi katika maisha ya mtoto. Wilaya za Masasi na Newala, katika kona ya kusini ya Tanzania, zina historia inayoweza kulijibu swali hilo vizuri kuliko miji mingi yenye maduka ya vitabu.

Watu huzitaja wilaya hizo mbili kwa pumzi moja kama nchi ya uwanda wa juu wa Makonde, lakini kwa kusema kweli mji wa Masasi hauko juu ya uwanda huo. Uko chini yake, upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe matupu inayoonekana kutoka mbali, ilhali Newala ndiyo iliyokaa ukingoni mwa uwanda wenyewe, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na kuliacha bonde la Ruvuma likiwa wazi machoni pa anayesimama Shimo la Mungu. Wakazi wake ni Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu wenye lugha tatu zilizo ndugu lakini zisizosikilizana moja kwa moja, na kwa vizazi kadhaa Kiswahili kilikuwa kwa mtoto wa huko lugha ya pili, aliyokutana nayo sokoni, msikitini, kanisani na darasani. Mtoto huyo, kwa hiyo, alijifunza mambo mawili kwa mkupuo: kutambua herufi, na kuielewa lugha ambayo herufi hizo zilikuwa zikiisema.

Kusoma hakukuletwa huko na serikali, wala hakukuanza na misheni. Misafara ya biashara iliyopanda kutoka Lindi na Mikindani ilikuja na walimu wa Kurani na waandishi wa barua, na pamoja nao ikaja desturi ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Ushahidi ulio maarufu kuliko wote ni barua ya Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa na ngome yake Luagala juu ya uwanda wa Makonde, ambaye mwaka 1890 alimwandikia kwa Kiswahili Hermann von Wissmann, kamishna wa Ujerumani, akimjulisha kwamba haoni sababu ya kumtii wala hatakwenda kwake. Vitabu vya historia huinukuu barua hiyo kwa ajili ya ushujaa wake, na ni haki yake, lakini yafaa ikumbukwe pia kuwa ni barua, yaani kazi ya mtu aliyekaa na kalamu, akayasikia maneno ya mkubwa wake, akayaweka katika karatasi ili yasafiri hadi pwani yakiwa yaleyale.

Mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu wa Kurani alikwenda chuoni, na neno hilo lina habari ndefu, kwa maana hapo kale chuo lilikuwa jina la kitabu kabla halijawa jina la mahali pa kufundishia, na leo limepanda cheo hadi kuitwa chuo kikuu. Hata kuhitimu, neno linaloandikwa kwenye vyeti vya kila ngazi, linatokana na hitima, yaani kuikamilisha Kurani tangu mwanzo hadi mwisho. Chuoni mtoto alijifunza kwa sauti. Aliitamka herufi, akaitamka tena ikiwa na fatha, kisira na dhuma, ambazo ni alama za irabu, akaimba pamoja na wenzake hadi ulimi ukazoea kabla jicho halijazoea. Wapo wanaoubeza ufundishaji huu kwa hoja kwamba mtoto hukariri maneno ya Kiarabu asiyoyafahamu, na hoja hiyo ina uzito, lakini wanaobeza husahau kwamba mtoto huyo alijengewa imani moja kubwa mapema sana, kwamba maandishi yana sauti ndani yake na kwamba anayejua anaweza kuitoa.

Upande wa misheni ulianza mwaka 1876, pale Edward Steere, askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuwa na makao Unguja, alipoongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kupitia Lindi hadi Masasi. Lengo lilikuwa kuwarudisha karibu na nchi zao upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika chini ya ile milima ya mawe walipapenda, wakakaa. Steere alikuwa mtu wa lugha kabla ya kuwa mtu wa kitu kingine chochote: alikwisha kuchapisha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Waswahili, vyote viwili mwaka 1870, na mwaka uleule wa safari ya Masasi akatoa kijitabu cha mwanzo kuhusu lugha ya Kimakonde. Katika mtambo wa uchapaji wa misheni huko Unguja, vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi za risasi moja baada ya nyingine, kazi inayomlazimisha mtu kulisoma neno kinyumenyume na kwa ncha za vidole.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo zinapopatikana kumbukumbu za utoto zilizoandikwa na watoto wenyewe. Wavulana waliosomeshwa Kiungani, shule ya misheni hiyo nje kidogo ya mji wa Unguja, walitakiwa kuandika kwa Kiswahili habari za maisha yao: kijiji, wazazi, siku ya kutekwa, njia ya kwenda pwani. Maandishi hayo yalifasiriwa kwa Kiingereza na A. C. Madan na kuchapishwa mwaka 1887 katika kitabu kilichopewa jina la shule hiyo. Msomaji wa leo hukishika kitabu hicho akitafuta habari za utumwa, na anazipata, lakini kipo pia kisa cha pili kisichosemwa waziwazi, nacho ni kwamba watoto hawa walijifunza kusoma na kuandika miaka michache tu kabla ya hapo, na jambo la kwanza kubwa walilolifanya kwa elimu hiyo lilikuwa kuyarudisha majina ya mama zao na vijito vya kwao. Kusoma kwao hakukuanzia kwenye ndoto ya ajira.

Mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani walianza kutoa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, ambamo ziliingia habari kutoka vituo vya misheni vya bara, na wahitimu wa shule hiyo ndio waliokuwa walimu huko kusini. Kabla ya hapo, mwaka 1882, kituo cha Masasi kilikuwa kimevamiwa na wapiganaji wa Kingoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara, wakaua na kuteka watu, na padri Chauncy Maples akahamia Newala, chini ya hifadhi ya Matola, mtawala wa Kiyao wa mahali hapo. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwa na kusomeshwa Unguja na Uingereza, alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupata daraja hilo, naye alifanya kazi Chitangali, kwa mtawala wa mahali hapo, Barnaba Nakaam. Watoto wa Chitangali, basi, walimwona msomaji aliye mfano wao kwa rangi na kwa lugha tangu siku ya kwanza, jambo ambalo huenda lilikuwa na nguvu kuliko kitabu chochote.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kuhesabika. Katika mazingira hayo kusoma kulikuwa shughuli ya kundi: mwalimu alishika kitabu au aliandika ubaoni silabi, yaani mapande ya neno kama ba, be, bi, bo, bu, na darasa likaitikia, halafu mmoja akasoma na waliobaki wakasikiliza. Kutoka Uganda ya mwisho wa karne ya 19 zimeandikwa habari za watoto na watu wazima walioketi duara kulizunguka kitabu kimoja, hata waliokaa upande wa juu wa ukurasa wakajua kusoma maandishi yakiwa juu chini, na anayedhani kwamba hiki ni kichekesho tu na ajaribu kukigeuza kitabu chake aone ni bidii ya namna gani inayotakiwa. Kiswahili kilisaidia, kwa sababu kila herufi ya irabu ina sauti moja na silabi nyingi huishia na irabu, hivyo anayezishika silabi anaweza kulitamka karibu kila neno lililoandikwa. Hapo ndipo penye mtego vilevile, kwa kuwa mtoto aliyeweza kutamka kila neno angeweza kuwahadaa wakubwa, nao wakadhani amefahamu.

Mtego huo ulikuwa mkali zaidi kwa mtoto ambaye nyumbani hakisemwi Kiswahili. Palipo na ki- katika Kiswahili, Kimakonde na Kiyao huwa na chi-, na ramani yenyewe inashuhudia: Chiwata, Chidya, Chitangali, Chingulungulu. Mtoto wa kijiji chenye jina la namna hiyo, anapokutana na neno kitabu, mdomo wake humvuta aseme chitabu, na mwalimu humsahihisha mbele ya wenzake. Walimu wengi walihesabu hilo kuwa kosa la kusoma, ilhali ni kinyume chake kabisa, kwa maana mtoto aliyelitafsiri neno kwa lugha ya mama yake papo hapo amekwisha kulielewa, na aliyelitamka sawasawa huenda hajaelewa lolote. Ni vigumu kujua ni wapenda vitabu wangapi waliopotea kwa kuchekwa kwa ajili ya silabi moja.

Nje ya darasa palikuwa na shule nyingine isiyo na daftari la mahudhurio, nayo ni barua. Chini ya utawala wa Waingereza vijana wengi wa kusini walikwenda mbali kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge, na habari zao zilirudi kwa barua ambazo wazazi hawakuweza kuzisoma. Aliyeitwa ni mtoto. Mtoto wa darasa la tatu au la nne, ambaye katika mabaraza ya wakubwa hakuruhusiwa kufungua mdomo, alikalishwa katikati ya wazee, akapewa karatasi, na nyumba nzima ikanyamaza kumsikiliza. Barua za siku hizo zilianza na salamu ndefu, kila ndugu kwa jina lake na kwa cheo chake katika ukoo, na msomaji hakuruhusiwa kuruka hata mmoja, kwa sababu shangazi aliyetajwa alitaka kulisikia jina lake likitoka kwenye karatasi. Kisha zikaja habari zenyewe, na baada yake ombi la kurudia: soma tena pale. Mtoto aliporudia aliona jambo ambalo chati ya silabi haikuweza kumwonyesha, kwamba maneno yaleyale huliza na huchekesha, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa mlango yaliyopitia. Alijifunza siri pia, kwani palikuwa na sentensi za madeni na ugomvi ambazo msomaji mwenye adabu alizimeza mpaka wageni waondoke.

Majarida yalipokuja, yalisomwa kwa mtindo uleule. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilibeba habari, mashairi na hadithi, na nakala moja ilizunguka kwa mwalimu, kwa karani na kwa muuza duka hadi kingo zake zikachakaa. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri za riwaya za Kiingereza zilizofanywa na Frederick Johnson, miongoni mwake Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zikawa ndizo safari za kwanza za kubuni kwa mwanafunzi ambaye baharini hajafika, na miaka ya 1950 Shaaban Robert akawapa wasomaji Kusadikika na Adili na Nduguze, vitabu ambavyo mtoto hukutana na majini na wafalme ndani yake kabla hajagundua kwamba alikuwa akifundishwa habari za dhuluma. Wamisionari Wabenediktini wa Ndanda, waliofungua kituo chao mwaka 1906, walikuwa nao na shule na baadaye mtambo wa uchapaji. Vitabu vilivyotoka misheni vilikuwa zaidi vya sala na mafundisho, na ladha yake kwa mtoto haikuwa tamu kila mara, lakini penye njaa ya maandishi hata kalenda husomwa.

Aliye mashuhuri kuliko wote waliotokea katika shule hizo ni Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Lupaso, Masasi, akasoma Ndanda, Kigonsera na Pugu, na mwaka 1962 akapata shahada ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Makerere. Watu humkumbuka kwa urais wake wa 1995 hadi 2005, na wachache hukumbuka kwamba kabla ya siasa alikuwa mhariri, kwanza wa magazeti ya TANU, chama tawala cha wakati huo, kuanzia 1966, kisha wa Daily News mwaka 1972, kazi ambayo mtu asiyependa kusoma haimudu hata wiki moja. Mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Si haki kumfanya kielelezo cha watoto wote wa wilaya yake, kwa sababu kila Mkapa mmoja aliyeteuliwa kuendelea na shule aliwaacha nyuma wengi waliokuwa na kiu ileile wakakosa nafasi, na nafasi hizo wakati wa ukoloni zilikuwa finyu mno.

Mlango ulipanuliwa baada ya Uhuru. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ulipokwisha rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, alizitaja wilaya 6 ambazo zilitakiwa kufuta ujinga, yaani hali ya kutojua kusoma na kuandika, kabla ya mwisho wa 1971. Masasi ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare na Rungwe. Matokeo ya kitaifa yanajulikana: jaribio la mwaka 1975 lilionyesha kwamba watu wazima 39 kati ya 100 hawakujua kusoma, na kufikia 1986 walikuwa wamepungua chini ya 10. Takwimu hizo, hata hivyo, hazisemi lolote kuhusu kilichotokea ndani ya nyumba, ambako pengine ndiko kulikokuwa na mabadiliko makubwa. Walimu wengi wa kujitolea walikuwa vijana waliotoka darasa la saba, na wanafunzi wao walikuwa watu wa umri wa wazazi wao, kwa hiyo mtoto mdogo alimwona mama yake akiifuata mistari kwa kidole, akikosea, akirudia, akicheka. Mtoto anayemwona mzazi akihangaika na kitabu kwa hiari yake hahitaji hotuba juu ya faida za elimu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamuru watoto wote waandikishwe shule za msingi kufikia Novemba 1977, na madarasa yakafurika. Kizazi hicho kilipewa vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Lugha Yetu, ambavyo havikuwa vingi, watoto kadhaa wakibanana juu ya nakala moja kama babu zao, na bado mtu wa umri wa miaka 50 leo, awe Newala au Bukoba, ukimtajia Bulicheka na Lizabeta, wahusika wa vitabu hivyo, hutabasamu kabla hajajibu. Wanachokikumbuka ni hadithi iliyosomwa kwa zamu, kwa sauti, huku darasa likiisubiri sehemu ya kuchekea ambayo kila mmoja alikwisha kuijua kwa moyo. Ni wachache wanaoyakumbuka maswali ya ufahamu yaliyofuata.

Hali ya sasa ina vitabu vingi zaidi na sauti chache zaidi. Mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yaliwekewa mtaala uliojengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mkoa wa Mtwara, ambao Masasi na Newala zimo ndani yake, umepitiwa na miradi kadhaa ya kusomesha watoto wadogo, ukiwamo Tusome Pamoja uliofanya kazi kuanzia 2016 katika mikoa minne ya bara na Zanzibar. Miradi hiyo ilileta vitabu vya ziada, maana yake vitabu vya hadithi fupifupi visivyo vya kiada, na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umekuwa ukiwapa waandishi na wachoraji wa Kitanzania nafasi ya kuvitunga. Hilo ni jema lisilo na mjadala. Lakini kasi ya kusoma sasa hupimwa kwa maneno katika dakika, na mtoto anayepimwa kwa dakika hujifunza kukimbia. Kitabu cha hadithi kilichofungiwa kabatini kisichafuke hakimfikii mtu, na hadithi iliyosomwa ili ijibiwe maswali kumi hukoma kuwa hadithi. Wakati wa msimu wa korosho, ambao huanza karibu na mwezi wa kumi, watoto wengi huwa mashambani wakiokota, na mwalimu anayetaka kuwarudishia hamu baada ya hapo angefanya vema kuanza kwa kuwasomea, bila swali hata moja mwishoni.

Ile kazi ya kale ya barua, kwa upande wake, haijafa. Malipo ya korosho hupitia benki, na taarifa zake hufika kwenye simu kwa ujumbe mfupi wenye vifupisho vya ajabu na tarakimu zilizobanana. Bibi ambaye macho yake yamechoka humwita mjukuu na kumpa simu, mjukuu husoma kwa sauti, bibi hunyamaza akisikiliza, kisha humwambia asome tena pale penye kiasi, taratibu, tarakimu moja baada ya nyingine.